Safari ya wawili kwa gari kutoka Dodoma: Nyanda za Juu Kusini, au Kondoa na Mbulu?

Mkazi wa Nkuhungu anauliza:

Ndugu zangu, habari za leo. Ninaomba ushauri wa watu waliopita barabara nitakazozitaja kwa magari yao wenyewe, kwa sababu anayoyaona dereva ni tofauti na anayoyaona abiria aliyesinzia ndani ya basi.

Mwezi Desemba mimi na mke wangu tutatimiza miaka 20 ya ndoa. Katika miaka yote hiyo tumesafiri pamoja mara nyingi, lakini kila safari ilikuwa ya msiba, ya harusi au ya kumpeleka mtoto shuleni. Hatujawahi kuondoka nyumbani kwa sababu tu sisi wawili tunataka kwenda kuona mahali. Mke wangu amekulia Bahi, kwenye tambarare za mpunga, nami nimekulia Mvumi, ambako ukifika mwezi wa Agosti vilima vyote vimekauka na kubaki mawe na vichaka visivyo na jani. Nilipomuuliza angependa nini, alinijibu kwamba anataka kuamka mahali ambapo ukungu umefunika mlima na baridi inamlazimisha mtu kuvaa sweta. Ombi hilo limenikaa moyoni na ninataka kulitimiza ipasavyo.

Tuna siku kumi, na nimechora njia mbili. Ya kwanza inashuka kusini: Mtera, Iringa, Njombe, Makete, Kitulo, Mbeya, Tukuyu hadi Matema kwenye Ziwa Nyasa, kisha kurudi. Ya pili inapanda kaskazini: Kondoa, Babati, Mbulu, Karatu, Arusha, Moshi, Same, Lushoto, kisha kurudi kupitia Chalinze, Morogoro na Gairo. Gari letu ni dogo, la otomatiki, na liko chini kiasi kwamba hata matuta ya mitaani tunayapita kwa uangalifu. Sote wawili tuna leseni, ingawa kwenye safari ndefu ninaendesha mimi. Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni kwamba mke wangu hupata kichefuchefu kwenye barabara za kona, na sitaki safari aliyoiomba yeye igeuke mateso kwake. Je, ni njia ipi mngetushauri, na Desemba ni wakati mzuri au tusubiri?

Mzee wa Makambako anajibu:

Mbukwenyi, ndugu wa Nkuhungu, na hongereni kwa miaka 20. Mimi si Mgogo, lakini ninaishi Dodoma sasa baada ya kufanya kazi miaka mingi mkoani Njombe, hivyo njia ya kusini ninaifahamu katika majira yote ya mwaka.

Kwanza niseme jambo linalohusu njia zako zote mbili: umeweka vituo vingi mno. Ile ya kaskazini, ukiitimiza yote, itakupa siku kumi za kuendesha na kufungua mabegi usiku, halafu kuyafunga alfajiri. Mke wako ameomba kuamka mahali penye ukungu, na kuamka huko kunahitaji mlale hapo usiku mmoja, mkae mchana kutwa, kisha mlale tena. Kwa hiyo ushauri wangu mkuu ni usiku mbili kila mahali, na vituo visizidi vinne.

Mimi ningechagua kusini. Kutoka Dodoma hadi Iringa ni takribani kilomita 260 za lami, na mabadiliko ya nchi mtayaona kwa macho siku hiyo hiyo. Mtashuka hadi Mtera, ambako mto Ruaha Mkuu umezuiwa kwa ajili ya umeme, na hapo msipite bila kula perege wa kukaanga wanaouzwa kando ya barabara. Baada ya Migoli na Izazi mtapita katikati ya mibuyu mikubwa, kwenye joto kali, halafu barabara itaanza kupanda mlima Nyang'oro kwa kona, na kila mkipanda hewa itazidi kuwa nyepesi, mpaka mfike Iringa iliyo zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Nyang'oro upandeni mchana, na msimame pale penye nafasi salama mtazame nyuma, kwa maana bonde lote mlilotoka litakuwa chini yenu.

Iringa mna mambo ya siku nzima: jiwe la Gangilonga linalotazama mji, boma la zamani la Wajerumani ambalo sasa ni makumbusho, na Kalenga, ambako fuvu la Mtwa Mkwawa limehifadhiwa tangu liliporudishwa mwaka 1954. Kilomita 20 hivi kwenye barabara ya Mbeya kuna Isimila, bonde lenye nguzo za udongo zilizochongwa na maji na ambamo zilipatikana zana za mawe za watu wa kale. Mwende asubuhi, kwa sababu mchana jua humo ndani ni kali.

Sasa nifike Kitulo, ambako ndiko ninakotaka mwende kuliko mahali pengine popote. Ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, na wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Ni uwanda wa nyasi ulio kwenye kimo cha mita 2,600 hivi, wenye aina takribani 350 za mimea itoayo maua, na kati ya hizo aina 45 ni za okidi. Maua huanza na mvua za Novemba na kuendelea hadi Aprili, kwa hiyo Desemba yenu ni wakati wake hasa. Mkienda Juni au Julai mtakuta barabara kavu na baridi ya kutosha, lakini uwanda utakuwa umekauka. Hapo ndipo ugumu ulipo, kwa kuwa mvua iletayo maua ndiyo hiyo hiyo iharibuyo njia.

Kutoka Njombe hadi Makete kuna lami, kilomita 107, lakini kipande cha kutoka Makete kuvuka uwanda hadi kutokea Isyonje msikitegemee kwa gari la chini wakati wa mvua. Njia nyingine hupandia Chimala, kwenye barabara kuu ya Mbeya, kwenda Matamba, iliko ofisi ya hifadhi. Huo ni ukuta wa mlima wenye kona 57, na watu wa huko wanauita kwa namba hiyo hiyo, Hamsini na Saba. Liacheni gari lenu Chimala mahali penye mlinzi, mkodi gari la juu lenye dereva mzoefu wa mlima huo. Gharama itaongezeka, lakini nawe utapata nafasi ya kutazama nje badala ya kukaza macho kwenye usukani.

Mkifika huko mtu akiwauzia viazi vya okidi, ambavyo Zambia wanavitumia kutengeneza chakula kiitwacho kinaka, msinunue. Uchimbaji wa viazi hivyo umeumaliza uwanda sehemu nyingi, na ni moja ya sababu za Kitulo kufanywa hifadhi. Niliona mabonde yaliyokuwa yamejaa maua yakibaki mashimo, na mpaka leo jambo hilo linaniuma.

Dereva wa Chamwino anajibu:

Shikamoo, Mzee wa Makambako. Ninaunga mkono njia ya kusini, ila ninaongeza machache kuhusu uendeshaji, kwani barabara hiyo nimeiendesha kwa lori na kwa gari dogo.

Kuanzia Iringa mtakuwa kwenye barabara kuu iendayo Tunduma, ambayo inabeba malori ya Zambia na ya Kongo usiku na mchana. Malori hayo yakipanda ni mazito na ya polepole, na dereva mwenye gari dogo huishiwa subira akalipita kwenye kona. Msifanye hivyo hata mara moja. Kaa nyuma yake, acha nafasi, na ikibidi simama mnywe chai. Msiendeshe baada ya magharibi, na kwa siku za Desemba mhesabu kwamba mvua ya mchana inaweza kuwachukulia saa nzima.

Kwenye miteremko, hasa ule wa Inyala kabla ya kufika Uyole, ambao umeua watu wengi, usishuke ukiwa umekanyaga breki mfululizo. Breki zikipata moto hupoteza nguvu, na utazikosa pale unapozihitaji zaidi. Magari mengi ya otomatiki yana herufi L au namba 2 kando ya D. Shusha gia kabla mteremko haujaanza, injini yenyewe ilizuie gari, na breki uitumie kwa vipindi vifupi. Kabla ya safari kagua pedi za breki, maji ya radieta, mipira ya waipa na tairi zote tano, na kwenye gari kuwe na pembetatu mbili na kizima moto ambacho hakijapitwa na muda. Vibao vya 50 vijijini viheshimuni, kwa kuwa trafiki wenye tochi wapo, na kwa kuwa watoto wa shule na wachunga ng'ombe hukatiza barabara bila kutazama.

Kuhusu kichefuchefu cha shemeji, ninakuomba ulifikirie jambo hili kwa makini: mpe usukani. Anayeendesha huwa haugui kama abiria, kwa sababu macho yake yanaiona kona kabla mwili haujaisikia, na mikono yake ndiyo inayoligeuza gari. Nimeshuhudia watu wasioweza kukaa kiti cha nyuma kwa nusu saa wakiendesha milimani siku nzima bila tatizo. Kama hataki, basi akae mbele, atazame mbali barabarani, asisome simu, ale kidogo kabla ya kuondoka badala ya kukaa na njaa, na kioo kiwe wazi kidogo. Wewe nawe punguza mwendo, kwa kuwa mara nyingi anayemtapisha abiria ni dereva anayeingia kona kwa kasi na kukanyaga breki katikati.

Binti wa Kolo anajibu:

Kaka wa Nkuhungu, wenzangu wamekupeleka kusini wote, nami ninaona si haki kuiacha njia ya Kondoa bila mtu wa kuisemea.

Tangu barabara ya Dodoma hadi Babati ilipowekwa lami yote, kilomita 251, milima ya kwetu iko karibu na nyumbani kwenu kuliko Iringa mnayoisifu. Kolo, baada ya Kondoa mjini, ndiko mlango wa michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kuna zaidi ya mapango na miamba 150 kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, na kuifikia michoro mnaongozwa na mwenyeji na kupanda kwa miguu, mkitazama nyika ya Wamasai iliyotandazwa chini. Baada ya hapo barabara inapita vilima vya Bereko kwa kona nzuri, zisizo kali kama za kusini, kisha inateremka Babati penye ziwa la viboko, na hali ya hewa ikiwa safi mtauona Hanang, mlima wa mita zaidi ya 3,400 uliosimama peke yake.

Hata hivyo nitasema ukweli wote. Kupanda Mbulu kutokea Dareda au Magara ni kupanda ukuta wenyewe wa Bonde la Ufa, na kwa gari la chini wakati wa mvua nisingekushauri. Tena sisi wa huku bado tunaikumbuka tarehe 3 Desemba 2023, tope lilipoteremka kutoka Hanang na kuingia Katesh, likaua watu zaidi ya 80. Sisemi hivi ili kumtisha mtu. Ninasema kwa sababu Desemba milimani mvua ikinyesha mfululizo ni lazima msikilize matangazo ya hali ya hewa na wenyeji, na kukubali kuahirisha. Na sehemu ya Arusha, Moshi hadi Lushoto iondoeni kabisa. Desemba yote watu wanarudi Kilimanjaro kwa Krismasi, barabara zinajaa, na vyumba hupatikana kwa shida.

Kwa hiyo ninakubali kusini iwe safari ya Desemba. Lakini mwezi wa Juni, mvua zikiisha, chukueni siku nne tu mje Kolo na Babati. Mtu wa Dodoma asiyeiona michoro ya Kolo amelala mlangoni pa nyumba asiyoingia.

Mkazi wa Nkuhungu:

Ninawashukuru kwa dhati, na nimewasomea wote nyumbani kwa sauti. Tumekubaliana kusini kwa Desemba, na Kolo kwa mwezi wa Juni. Njombe na Makete tumeviondoa, ingawa kwa shingo upande, kwa kuwa nilitamani sana kuyaona mashamba ya chai na ya matofaa. Sasa swali lililobaki ni hili: tukishatoa usiku mbili Iringa na mbili Matamba, je, Tukuyu na Matema vyote vinaingia, au tuchague kimoja?

Mke wangu ameomba aandike mwenyewe yanayomhusu.

*Mimi ndiye mkewe. Shikamooni wazee, na habari zenu wengine. Ninaendesha gari hapa mjini kwa miaka minane, lakini mlima wenye kona sijawahi kuuendesha, na mume wangu naye hakuwahi kufikiri kunipa. Nimekubali kuendesha Nyang'oro wakati wa kupanda, na kutoka Uyole hadi Tukuyu. Inyala ataendesha yeye. Kuhusu vituo, mkilazimika kupunguza, punguzeni Iringa, msipunguze Matamba. Maua sijawahi kuyaona yakiota yenyewe kwa wingi namna hiyo, pasipo mtu kuyamwagilia.*

Mzee wa Makambako:

Marahaba, mama. Hakuna haja ya kupunguza, vyote vinaingia, nami nitaeleza jinsi nilivyohesabu.

Siku ya tano mtashuka Matamba asubuhi, mchukue gari lenu Chimala, mpite Igurusi na Inyala hadi Uyole, kisha mkate kushoto kwenda Tukuyu. Si mwendo mrefu, na sehemu yako, mama, ndiyo nzuri kuliko zote: barabara inapanda milima ya Uporoto hadi Isyonje penye magunia ya viazi kando ya njia, halafu inateremka ikiwa imezungukwa na migomba na chai, na Mlima Rungwe, wenye kimo kinachokaribia mita 3,000, uko upande wa kushoto mawingu yakikubali kufunguka. Siku ya sita mwende Ziwa Ngozi, ziwa la kreta lililofichwa ndani ya msitu. Mtapanda kwa miguu mkiwa na mwongozaji, njia ina utelezi, na viatu vya mjini havifai. Kama mvua imekuwa kubwa siku hiyo, liacheni, mwende Daraja la Mungu kwenye mto Kiwira, ambalo ni mwamba uliojijenga wenyewe juu ya maji. Tukuyu ni moja ya sehemu zenye mvua nyingi zaidi nchini, kwa hiyo miavuli isikae kwenye buti.

Siku ya saba mteremke kuelekea Kyela, mkate Kikusya kwenda Ipinda na Matema. Ndani ya siku tatu mtakuwa mmetoka mita 2,600 hadi chini ya mita 500, kutoka sweta hadi kanga. Milima ya Livingstone inaanguka moja kwa moja ndani ya Ziwa Nyasa, na mtu akiogelea alfajiri anauona mlima mzima juu ya kichwa chake. Siku ya tisa iwe ya kurudi: mwondoke Matema alfajiri, mlale Mafinga, na siku ya kumi mfike Dodoma kabla ya jua kuzama.

Kuna mambo mawili ya kupanga mapema. Malipo ya kuingia Kitulo hayapokelewi kwa fedha taslimu mlangoni, kwa hiyo ulizeni utaratibu wa kulipia kabla hamjapanda, na mbebe vitambulisho vya taifa ili mtozwe kiwango cha Mtanzania. La pili ni siku ya kuondoka. Ondokeni Dodoma Jumamosi. Jumapili mtasali Iringa, na mkifuata hesabu hii siku ya nane, ambayo mtakuwa Matema, itaangukia Jumamosi nyingine, siku ya soko la Lyulilo, ambapo Wakisi wa Ikombe huleta vyungu vyao kwa mitumbwi. Ni vyungu vyepesi, vyenye nakshi nyeupe, na vinapika maharage vizuri sana. Mama, ukinunua kimoja usikubali kiwekwe kwenye buti pamoja na jeki. Kizungushie kanga mbili, ukiweke sakafuni nyuma ya kiti cha dereva, na hapo kitafika Nkuhungu kikiwa kizima.